Meno ya Bibi Zefirine

Claudette Theriault alianza kusimulia kwa maboga kwa sababu ya woga, na woga wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa binti yake Renelle, wakati huo mtoto wa miaka mitatu. Jirani yao Wilfred Cyr alikuwa amechonga boga lenye macho ya kutisha na meno kama ya msumeno, akaliweka juu ya nguzo ya ua na mshumaa ukiwaka ndani. Mtoto alipoliona aligoma kupita. Alimng'ang'ania mama yake pajani akalia mpaka akapaliwa.

Claudette aliacha shule mapema akaenda kuchambua viazi, wala hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi. Alichutama kando ya mtoto, akalitazama lile boga, akasema, "Huyu hajakasirika. Anaumwa jino."

Renelle akanyamaza. "Lipi?"

"Lile la pembeni. Alitafuna njugu na maganda yake."

"Mama yake alimkataza?"

"Alimkataza mara tatu."

Wakapita.

Mwaka uliofuata, majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi na viazi vilipokwisha kutoka shambani, Renelle alidai boga linaloumwa jino. Akachongewa. Mwaka wa tatu akadai na daktari wake. Hivyo hivyo, boga likazaa boga, mpaka yakawa saba, kila moja juu ya pipa lake la mwerezi, yale mapipa ambayo wazee walivunia viazi kabla ya mashine, yamepangwa kutoka lango la ua mpaka kwenye ngazi za baraza. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba watu wote wa barabara ile walikuja na watoto wao wamevaa kofia za sufu. Claudette aliwasha mshumaa wa kwanza akaanza hadithi, akawasha wa pili akaiendeleza, hivyo hivyo hadi wa saba. Mtoto yeyote aliruhusiwa swali moja kwa kila boga. Katika hadithi msimulizi aongope apendavyo, lakini swali lazima lijibiwe kweli. Nani aliweka sharti hilo hakuna aliyekumbuka, ila watoto walilishika kuliko katekisimu.

Hadithi zilibadilika kila mwaka, mwisho haukubadilika. Ng'ombe aliyepotea alirudi zizini. Paa aliyelewa matufaha yaliyooza alirudi msituni kwao. Boga la saba siku zote lilikuwa nyumba yenye dirisha la mwanga na mtu anayengoja.

Sasa Renelle alikuwa na miaka kumi na saba, na kisu alikuwa amemnyang'anya mama yake zamani. Yeye hakutoboa tu kama watu wengine. Alikwangua ngozi, akaacha nyama nene hapa na nyembamba pale, ili mshumaa ukiwaka uso uwe na mashavu, makunyanzi, hata vivuli chini ya macho. Alifanya kazi hiyo kwa kijiko kilichonolewa ukingo, kisu kidogo cha kumenyea, na waya wa gitaa. Mwezi wa Septemba, bila kumwambia mtu, alituma picha za maboga yake kwa fundi mmoja wa kuchonga mawe huko Vermont, mwanamke aitwaye Agnes Lombardi. Barua ikarudi. Claudette aliikuta imeegemezwa kwenye mkebe wa sukari ili aione, akaisoma.

"Mtu anayechonga kwa uangalifu huu kitu kitakachooza baada ya wiki," fundi aliandika, "nataka kuona atafanya nini na kitu kisichooza."

Nafasi ilikuwa ya kuanza katikati ya Novemba. Chumba kipo juu ya karakana, chakula kipo, mshahara mdogo upo. Kwa kuwa Renelle alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na minane, ilitakiwa sahihi ya mzazi mmoja. Fomu ifike kwa picha ya simu au kwa mkono, mwisho Jumatatu baada ya usiku wa maboga, saa sita mchana.

Claudette alikunja ile fomu akaitia ndani ya mkebe wa unga wa buckwheat, ule unga wa mikate yao myembamba ya kila asubuhi, akafunika.

Hakuwa mama mwenye roho mbaya. Renelle alipokuwa na miaka mitano mapafu yake yalijaa maji. Kwa majira mawili ya baridi mtoto alilala kwenye kochi kando ya jiko la kuni, na Claudette alilala sakafuni, akihesabu pumzi. Tangu hapo alilala kama sungura, sikio moja wazi. Na kila mtu mwenye umri wake aliwahi kusikia habari za wachonga mawe wa zamani, wanaume wa miaka arobaini waliokohoa vumbi mpaka wakaisha. Renelle alimweleza kwamba siku hizi jiwe hukatwa huku likimwagiwa maji, na kwamba kuna bomba la kunyonya vumbi lenye mdomo mpana kama ndoo. Kabla ya kumpa fomu alikuwa amekwenda hata kliniki akapimwa pumzi, akaambatanisha majibu nyuma yake. Claudette hakufungua ukurasa wa nyuma.

Mumewe Normand aliendesha lori la magogo na alionekana nyumbani Jumapili tu. Alipigiwa simu. "Mimi ningetia sahihi leo hii juu ya boneti," alisema. "Lakini ni wewe utakayekitazama kitanda kitupu kila siku, si mimi. Sitaki unichukie mpaka kaburini. Tia wewe."

"Na nisipotia?"

"Basi atakuchukia wewe," Normand alisema, akakata simu, maana alikuwa kwenye mteremko.

Hadithi ya mwaka ule ilikuwa ya meno. Renelle aliitunga akiwa kwenye mashine ya kupanga viazi, kazini kwake, ambako mtu akikosa la kuwaza anaweza kulala amesimama. Bibi Zefirine ana meno ya bandia. Meno yamechoka kula maharage kila Jumamosi. Yanatoka kwenye glasi yanakolala, yanaruka dirishani, yanakwenda kuiona dunia. Yanamuuma matakoni dume la kongoni wa kaskazini, yule mwenye pembe pana kama makoleo. Yanaimba kanisani bila mwili. Yanajaribu kuuza magazeti. Claudette alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Na la saba?" aliuliza.

"La saba yamepata kazi," Renelle alisema. "Yanafungua chupa kwenye hoteli ya pwani. Yanamwandikia bibi kadi."

Claudette alifuta meza iliyokuwa safi. "Yanarudi," alisema. "Bibi yuko dirishani, yanarudi. Watoto wamezoea hivyo."

"Watoto, au wewe?"

"Hadithi nasimulia mimi, Renelle."

Alitegemea ubishi. Alikuwa ameuandalia majibu matatu. Lakini binti alivuta boga la saba karibu, akalichora kwa kalamu, akakwangua dirisha, bibi, na meno yakipanda ngazi moja moja kama mbwa aliyekosa. Lilikuwa zuri kuliko yote. Alilichonga bila neno, akaosha kijiko, akaenda kulala. Claudette alibaki na mbegu mikononi. Binti huyu alipokuwa akibisha, mama alijua aliko. Sasa hakujua.

Ijumaa mchana maboga saba yalikuwa kwenye ghala la viazi la Wilfred, pamoja na maboga ya nyumba nyingine. Ndivyo watu wa kule wanavyofanya. Ghala limezikwa nusu ndani ya kilima, kuta zake ni mawe na udongo, na humo ndani baridi haizidi wala haipungui. Viazi hulala humo tangu Oktoba mpaka Machi. Boga lililochongwa likikaa nje usiku wa jalidi huganda, na likiyeyuka asubuhi huwa uji. Ndani ya nyumba nako halikai, hunyauka. Lakini ndani ya ghala hukaa wiki nzima kama limechongwa jana.

Saa nane redio ikasema usiku ungeshuka nyuzi kumi chini ya kuganda. Claudette alisimama katikati ya jiko lake. Akakumbuka kwamba mwaka juzi Wilfred aliacha mlango wa ghala wazi kidogo, na boga la nyumba ya Michaud likapasuka. Alijiambia aache. Alimenya karoti mbili. Kisha akavua aproni, akawasha pikapu.

Wilfred alimkuta ndani ya ghala amekumbatia boga la tatu. Mzee huyo alikuwa na miaka sabini na tisa na alitembea na kiko kisicho na tumbaku.

"Umekuja kuiba vyako?" alisema.

"Redio imesema nyuzi kumi."

"Baba yangu alijenga ghala hili kwa nyuzi thelathini. Viazi vyangu havijawahi hata kupiga chafya."

"Viazi havina meno, Wilfred."

"Mimi pia sina, na silali jikoni kwako." Alimfungulia mlango hata hivyo, maana alimjua. "Claudette. Ukiyapeleka kwenye joto utajuta. Hili unalijua. Umezaliwa hapa."

"Nitayaweka mbali na jiko."

"Mbali wapi? Nyumba yako ina ukubwa wa mfuko wa suruali yangu."

Alilijua, kweli. Hakuna mtu wa barabara ile asiyelijua, hata watoto. Lakini ghala hakuweza kulitazama kutoka dirishani kwake, na jiko lake aliweza. Aliyapanga maboga saba sakafuni kando ya mlango wa nyuma, akaacha moto ufe uwe makaa tu.

Renelle alirudi kutoka kazini na vumbi la viazi kwenye nyusi. Aliyaona. Akamtazama mama yake, akatazama jiko, akatazama maboga tena.

"Moto mdogo tu," Claudette alisema. "Sitauongeza."

"Sawa, Mama."

"Nilisikia redio."

"Nimesema sawa."

Wakala supu. Kila mmoja akaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri Claudette aliamka kama alivyoamka kila siku. Nyumba ilikuwa baridi, pumzi ilionekana. Alisimama chini ya ngazi akasikiliza. Juu, katika chumba cha Renelle, kitanda kililia, kisha kikaja kikohozi kimoja kikavu, cha mtu anayegeuka upande. Kimoja tu. Lakini mikono ya Claudette haikungoja cha pili. Ilifungua mlango wa jiko, ikatia magogo mawili ya mti mgumu, ikafungua njia ya hewa mpaka mwisho, kama ilivyofanya miaka kumi na miwili iliyopita. Alikaa kwenye kiti kusubiri joto lishike, akasinzia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alilala usingizi mzito.

Alipofungua macho kulikuwa kumepambazuka na jikoni kulikuwa joto kama tanuri la mkate. Maboga yalikuwa yanamtazama. Nyuso zilikuwa zimebonyea. Sehemu ambazo Renelle alizikwangua nyembamba zilikuwa zimekunjamana kama ngozi juu ya maziwa. Na meno, yale meno yote, ya bibi, ya kwenye glasi, ya kanisani, yalikuwa yamekauka na kujikunja ndani ya vinywa, kama kucha za mtu mzee sana. Yote saba. Hakuna hata moja lililobaki na tabasamu.

Claudette alikuwa bado amesimama hapo Renelle aliposhuka. Hakuficha kitu. Hakukuwa na mahali pa kuficha maboga saba.

"Niliongeza kuni," alisema. "Ulikohoa."

Renelle alipiga magoti mbele ya la saba. Aligusa dirisha lililoinama. Claudette alingoja hasira kama mtu anavyongoja basi la shule, akiwa na uhakika nalo. Badala yake mabega ya binti yalianza kutikisika, na ilimchukua mama muda kuelewa kwamba alikuwa anacheka, na muda zaidi kuona kwamba alikuwa pia analia.

"Mama," Renelle alisema, "nilikohoa kwa sababu mto ulikuwa mdomoni."

"Sikujua."

"Hukuja kuuliza."

Claudette aliitazama ngazi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amesikiliza mlango wa chumba kile cha juu, akajua kila sauti ya kitanda kile. Kupanda ngazi tisa na kuuliza, hilo hakulifanya.

Walijaza beseni la kuogea maji ya barafu wakayatumbukiza maboga humo mpaka mchana, dawa ya zamani ya boga lililonyauka. Ngozi ilikaza kidogo. Vichwa vilisimama. Meno hayakunyooka.

"Nitawapigia watu simu," Claudette alisema. "Nitasema hakuna hadithi mwaka huu."

"Utasema nini? Kwamba umeyapika?"

"Nitasema naumwa."

"Wilfred ameshamwambia kila mtu kwamba uliyatoa ghalani," Renelle alisema, akikausha bibi kwa taulo. "Nimemwona akisimama kwenye kila lango. Watakuja hata kama ukifa. Hasa ukifa."

Walikuja. Saa kumi na mbili jioni giza lilikuwa limekwisha ingia, nyasi zilikuwa zimeanza kumetameta kwa jalidi, na barabara ilijaa tochi. Wilfred alikuja na mjukuu wake Odette, mwenye miaka sita, aliyeng'oka meno manne ya mbele msimu huo na kujivunia pengo kuliko mtu mwingine anavyojivunia nyumba. Mama Michaud alileta donati za moto kwenye kikapu. Claudette alisimama kwenye pipa la kwanza na kiberiti mkononi. Alikuwa na hadithi kichwani, lakini hadithi hiyo ilihitaji meno.

Aliwasha mshumaa. Uso wa Bibi Zefirine ukatokea, mdomo umeingia ndani.

"Hana meno," Odette alisema papo hapo.

"Wote hawana," mtoto mwingine alisema, akiangaza tochi mstari mzima. "Angalia, hata yule wa mwisho. Hadithi imekwisha."

Watu wazima walicheka kidogo, kicheko cha kumhurumia mtu. Claudette alisikia masikio yakiwaka moto. Alimwona Renelle amesimama gizani karibu na ngazi, mikono mfukoni. Hakuwa anamsaidia. Hakuwa pia anamcheka.

"Bibi Zefirine," Claudette alianza, "alikuwa na meno mazuri kuliko watu wote wa kata. Meupe, yamepangika. Kwa hiyo aliyaogopea. Mchana aliyaogopea yasidondoke. Usiku aliyaogopea yasiibiwe. Na siku moja redio ikasema kutakuwa na jalidi."

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi wa chini. Ilikuwa Wilfred.

"Jirani yake, mzee mmoja mwenye kelele, akamwambia, Zefirine, yaachie meno glasi yao, iko vizuri. Akakataa. Akayachukua akayaweka kando ya jiko."

"Mzee alikuwa na sura nzuri?" Wilfred aliuliza.

"Maswali ni ya watoto, Wilfred."

"Alikuwa na sura nzuri?" Odette aliuliza.

Ilibidi ajibu kweli. "Kidogo, zamani," Claudette alisema, na barabara yote ikaangua kicheko, na kicheko hiki hakikuwa cha huruma.

Akawasha la pili. Meno yalijikunja kwa joto. La tatu, yakaruka dirishani kutafuta baridi, lakini yalikuwa yamejikunja mno hata hayakuweza kumuuma kongoni, yalimtekenya tu, na kongoni akacheka mpaka akaangusha uzio. La nne, kanisani, yaliimba lakini ulitoka mluzi, na padri akadhani ni bomba la maji. Alisimulia bila kujua sentensi inayofuata ingetoka wapi, na kila mara ilitoka. La tano. La sita. Watoto walikuwa wameshikana mikono wakiruka kwa baridi na kwa raha. Claudette hakuwa amesimulia hivyo hata siku moja. Miaka yote aliijua njia mpaka mwisho wake.

Aliwasha la saba. Dirisha lililoinama likajaa mwanga. Bibi ndani yake alikuwa amepinda, uso mzima umeshuka, na kwenye ngazi meno madogo yaliyonyauka yalikuwa yanapanda.

"Bibi alikuwa dirishani," Claudette alisema. "Na meno yakarudi nyumbani."

Ilikuwa desturi kupiga makofi hapo. Odette aliinua mkono.

"Yalirudi kwa kuwa yalitaka," aliuliza, "au kwa kuwa aliyakalia dirishani?"

Claudette alifungua mdomo. Sharti lilikuwa sharti. Alitafuta jibu la kweli na alipolipata halikuwa refu.

"Sijui," alisema. "Hakuyauliza."

"Ayaulize basi," Odette alisema. Kwake jambo hilo lilikuwa rahisi.

Claudette aligeuka. Mshumaa ulimwonyesha Renelle nusu uso. Alitamani ingekuwa jikoni, wawili tu, lakini jikoni asingeuliza. Alijijua.

"Haya, meno," alisema. "Mnataka kwenda wapi?"

Watoto wote wakamgeukia Renelle. Binti akavuta midomo yake ndani juu ya meno, akazungumza kwa sauti ya kibogoyo.

"Tunataka kwenda kuuma mawe."

Watoto walianguka wakicheka. Claudette hakucheka. "Mawe yana vumbi."

"Wanayamwagia maji, Bibi."

"Mtavaa barakoa?"

"Meno hayana pua, Bibi."

"Nimeuliza kama mtavaa."

Renelle aliachia midomo yake. "Nitavaa," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Kila siku, Mama."

"Mtakula?"

"Kila kitu isipokuwa maharage."

Mtu mmoja nyuma alisafisha koo kwa nguvu. Claudette alisimama na kiberiti kilichokwisha. Alilitazama boga la saba, kazi ya mkono wa binti yake iliyoharibiwa na mkono wake, na hata ilivyoharibika ilikuwa bado bora kuliko chochote alichopata kuchonga yeye.

"Basi Bibi Zefirine," aliwaambia watoto, "akaondoka dirishani. Mwisho. Nendeni mkale donati kabla hazijapoa."

Wengine hawakuelewa kama hadithi imekwisha. Odette alielewa, akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Watu walipotawanyika Claudette aliingia ndani na glavu zake bado mikononi. Alifungua mkebe wa unga, akatoa fomu, akaikung'uta juu ya sinki. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu fomu ifike. Aligeuza ukurasa wa nyuma. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, majibu ya kliniki: pafu la kulia, pafu la kushoto, kipimo cha watu wa umri wake, kipimo cha Renelle. Neno moja hakulijua. Akamwita binti aje alisome.

"Maana yake ni sawa na mtu yeyote," Renelle alisema kutoka mlangoni.

"Kamili?"

"Kamili."

Claudette aliketi, akavua glavu ya kulia, akaandika jina lake lote, la kikristo na la ukoo, kwa herufi za shule. Halafu hakuiweka kalamu chini. Chini ya sahihi, mahali palipoachwa wazi kwa mhuri, alianza kuandika tena.

Renelle alisogea akainama begani kwake. "Mama. Unaandika nini?"

Aliandika kwa Agnes Lombardi. Aliandika kwamba binti huyu akiwa na homa hudai hana homa. Kwamba akikohoa husingizia mto, kwa hiyo anayetaka kujua apande ngazi amuulize. Kwamba hapendi maharage.

"Huwezi kuandika hapo. Hapo ni pa mhuri."

"Nimeshaandika."

"Atadhani mimi ni mtoto mdogo."

"Atadhani una mama," Claudette alisema. Aliipuliza ile karatasi, unga ukaruka, akamkabidhi.